Silaha za Vita na Majina ya Wenyewe

Katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang kimo kitu cha vita. Pengine ni nishani yenye utepe uliochakaa, pengine kifungo cha koti la askari, chupa ya maji ya bati, ganda la risasi ambalo mzee hutilia ugoro, au cheti cha kuachishwa kazi kilichokunjwa mara nyingi hata kimekatika katika mikunjo. Na katika nyumba chache, ambazo wenyewe hawasemi, kimo kitu kizito kilichoviringishwa katika ngozi na kuchomekwa darini, nacho ni bastola. Juu ya vitu hivi twataka kusema na wasomaji wetu, na hasa juu ya hicho cha mwisho, kwa maana twaona vinatendewa vibaya kwa njia mbili. Wengine huficha chuma na kuisahau habari yake. Wengine huviuza vyote viwili pamoja, chuma na habari, kwa fedha isiyofika bei ya mbuzi. Sisi twasema kwamba yapasa chuma kiondoke nyumbani na habari ibaki, tena ibaki katika maandishi.

Asidhani msomaji kwamba vita vya Wazungu vilipiganwa mbali, na kwamba sisi tulisikia mshindo tu. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la wapanda farasi la Afrika ya Kusini, chini ya jemadari van Deventer, lilitoka Arusha likatwaa kilima cha Lolkisale, likashuka hata Ufiome, nchi ya Wagorowa karibu na Babati, na tarehe 19 likaingia Kondoa Irangi. Mvua za masika ziliwapata njiani, na farasi wao walikufa kwa mamia kwa ndorobo na maradhi. Mwezi wa Mei jemadari wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, akaja na majeshi yake kuwapiga Kondoa asiweze kuwatoa. Njia ile ndiyo njia ambayo leo watu wa Babati hupanda basi kwenda Dodoma. Jeshi lipitapo hudondosha vitu: maganda, vyuma vya hatamu, masanduku, bunduki za waliokufa. Vilivyodondoka viliokotwa. Wahunzi wa Kidatoga, ambao hata leo huyeyusha kufuli na mabomba ya shaba wafanye bangili na vyembe vya mishale, hawakuwa watu wa kuacha shaba nzuri ilale porini. Basi huenda bangili iliyovaliwa na bibi fulani ilikuwa zamani risasi.

Baadaye vikaja vita vya pili, na vijana wa Tanganyika wakaenda Abisinia, Madagaska na Burma katika jeshi la King's African Rifles. Na mwaka 1978 Idi Amin akaivamia nchi yetu upande wa Kagera, jeshi letu na mgambo wakaenda, na tarehe 11 Aprili 1979 wakaingia Kampala. Basi ni vita vitatu, na kila kimoja kimeacha vitu vyake majumbani mwa watu.

Sasa sikilizeni habari ya watu wa mbali. Huko Ulaya na Marekani liko kundi kubwa la watu ambao furaha yao ni kukusanya bastola za vita. Hawatafuti bastola mpya ya kupigia. Wanatafuta ya zamani, yenye alama, na zaidi ya yote yenye habari ya mtu aliyeichukua. Wakiipata bastola ya Kidachi ya namna ya Luger, kwanza hutazama mwaka uliogongwa juu yake. Kisha hutazama kama namba iliyo kwenye mwili wake ni ile ile iliyo kwenye vipande vidogo, kwa maana kipande kimoja kikiwa na namba nyingine chombo kimekwisha kuchanganywa na kingine, na bei hushuka. Kisha hutazama upande wa mbele wa mpini, mahali ambapo majeshi ya Wadachi yaligonga herufi za kikosi na hesabu ya silaha. Kisha hufunua kifuko cha ngozi watazame ndani ya kifuniko, pengine mwenyewe aliandika jina lake kwa wino. Ikiwa jina lipo, hutafuta katika daftari za jeshi mtu huyo alikuwa nani, alipigana wapi, alikufa lini. Bastola yenye habari kamili hununuliwa kwa fedha nyingi kuliko nyingine ya namna ile ile isiyo na habari.

Hatuwacheki watu hawa. Wafanya kazi ambayo sisi hatuifanyi, yaani huuliza: hiki kilikuwa cha nani? Lakini twaona ubaya mmoja katika kazi yao, nao si mdogo. Habari wanazozitafuta karibu zote ni za afisa, kwa sababu bastola ilikuwa silaha ya afisa. Askari alipewa bunduki. Mpagazi alipewa mzigo. Ndani ya ule mzigo, mara nyingi, ilikuwamo kitanda cha afisa, sanduku la afisa, na risasi za bastola ya afisa. Basi ukiiandika habari ya vita kwa kufuata bastola, utaandika habari ya watu wachache, na wale waliowabebea utawaacha njiani kama walivyoachwa kwanza.

Twatoa mfano mmoja, na twaomba msomaji autafakari sana. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito katika Abisinia, kikosi cha kwanza cha King's African Rifles ya Sita kilikuwa kinapigana na Waitaliano. King's African Rifles ya Sita ilikuwa ya Tanganyika, tena mwanzo wake, mwaka 1917, iliundwa kwa sehemu kubwa na askari wa Wadachi waliotekwa. Siku ile vifaru vya Waitaliano vilitokea msituni. Sajenti mmoja Mzungu wa Kenya, jina lake Nigel Leakey, aliruka juu ya kifaru kimoja, akafungua kifuniko chake kwa nguvu, akawapiga waliokuwa ndani kwa bastola yake, akamwacha dereva peke yake amwendeshee. Kisha akashuka, akavifuata vifaru vingine kwa miguu, akaruka juu ya kingine, na hapo akapigwa risasi akaanguka. Maiti yake haikuonekana. Mwaka 1945 alipewa Msalaba wa Victoria, nishani iliyo juu kuliko zote za Waingereza, naye aliistahili.

Lakini soma tamko lenyewe lililotolewa na serikali ya Uingereza siku hiyo ya kumpa nishani. Imeandikwa humo kwamba alipovifuata vifaru kwa miguu hakuwa peke yake. Alikuwa pamoja na sajenti meja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu watatu hao walitoka wakavinyemelea vifaru katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa kwa risasi. Majina yao hayamo katika tamko lile. Mzungu ametajwa jina, namba yake, na kikosi chake. Wengine ni sajenti meja Mwafrika, mmoja, na askari, wawili. Hivi ndivyo ihesabiwavyo mizigo kituoni.

Je, ni nani wa kulaumiwa? Msomaji mwepesi atasema, Waingereza. Nasi twasema, ndiyo, wao kwanza. Mwaka 2021 tume yao wenyewe inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina yao mahali popote au hawakukumbukwa kabisa, na sehemu kubwa ya hao walikuwa watu wa Afrika na Mashariki. Wapagazi wetu wamo katika hesabu hiyo. Wanahistoria husema kwamba wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake, katika vita vya Afrika Mashariki, walikaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Jina lao kubwa lililobaki ni la soko. Kariakoo ya Dar es Salaam imeitwa hivyo kwa sababu ya jeshi la wapagazi, lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, waliopiga kambi pale. Watu maelfu hununua nyanya na vitambaa pale kila siku, wala hawajui kwamba wanatamka jina la wafu. Na ile sanamu ya askari iliyo katikati ya mji huo, iliyofunuliwa mwaka 1927, ina maneno ya Rudyard Kipling kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Maneno yale yawataja askari na wapagazi kwa jumla. Jina la mtu hata mmoja halimo.

Hayo ni ya Waingereza. Lakini jina la babu yako si kazi ya Mwingereza kulijua. Ni kazi yako. Serikali ya kikoloni haikumwuliza mpagazi jina la baba yake, na wewe, mjukuu wake, uliyesoma mpaka darasa la saba au zaidi, mwenye kalamu mfukoni na simu mkononi, umemwuliza? Ikiwa hukumwuliza naye yu hai, basi wewe na mwandishi wa tamko lile mnafanana.

Na sasa twaja kwa wauzaji. Wapita watu katika magulio yetu wakiuliza kwa sauti ya chini habari ya vitu vya Mjerumani. Huuliza rupia, huuliza nishani, huuliza saa, huuliza bastola. Mwenye nyumba hufikiri, chuma hiki hakiliwi, nacho hutoa kwa bei yoyote. Twataka wasomaji wajue kinachotendeka baada ya hapo. Nishani za Waingereza za vita vya kwanza zilichorwa ukingoni namba na jina la mtu aliyepewa. Hata ikiuzwa London, atakayeinunua aweza kusoma jina la mwenyewe. Lakini zile nyota na nishani za vita vya pili, kama ile ya Burma, kwa kawaida zilitolewa bila jina lolote. Maana yake ni hii: ikiwa nyota ya Burma ya babu yako itatoka mlangoni pasipo cheti chake, dakika ile ile inakuwa haina mtu. Imekuwa kipande cha shaba kama vipande vingine maelfu. Mnunuzi ataitia katika kisanduku chenye kitambaa chekundu, na akiulizwa ilikuwa ya nani, atasema lo lote lipendezalo.

Maana wadanganyifu wako pia katika biashara hiyo. Kwa kuwa habari yaongeza bei, wako watu hutunga habari. Wako wafutao namba za zamani na kugonga mpya ili vipande vilingane. Wako waandikao barua ya uongo ya afisa aliyekufa zamani. Wakusanyaji waaminifu wamechoshwa na hayo hata wana msemo wao kwamba mtu anunue bastola, asinunue hadithi. Kwao huo ni msemo wa busara. Kwetu haufai. Sisi hatuna haja na bastola, na hadithi ndiyo mali yetu.

Wengine huvutwa na upumbavu mkubwa zaidi, yaani kuchimba. Tumeambiwa tangu utoto kwamba Wadachi walipokimbia walizika dhahabu katika maboma na chini ya miti mikubwa, na hata leo watu wazima huchimba usiku penye misingi ya zamani, wengine hata makaburini, wakiongozwa na mganga aliyekwisha kula fedha zao. Twasema wazi: dhahabu ya Wadachi iliyopigwa fedha yajulikana habari yake. Mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa, walipiga katika karakana ya reli huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo upande mmoja na tai upande wa pili. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Iramba, jirani zetu. Zilipigwa sarafu kama 16,000 tu, na nyingi zimekwisha kufika mikononi mwa wakusanyaji wa dunia. Senti zao za shaba za mwaka ule ule, za heller 5 na heller 20, ndizo mtu aweza kuziokota. Anayevunja msingi wa boma akitafuta dhahabu anavunja ushahidi halisi kwa ajili ya ndoto. Tena afukuaye kaburi, la Mdachi au la nani, hatuna neno la upole kwake.

Basi na yule afichaye bastola? Huyu twamheshimu zaidi, kwa maana hakuiuza. Husema, hii ni ya baba yangu, ni urithi. Wengine husema, hii yalinda nyumba na ng'ombe. Twamjibu kwa heshima, lakini hatutapunguza neno. Kwanza, sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haimruhusu mtu kukaa na bastola bila leseni, wala haijali kwamba ilikuwa ya baba yako. Pili, bastola iliyolala darini miaka mingi haimlindi mtu. Risasi za zamani huharibika ndani yake. Waweza kubana mara tatu isitoke, na mara ya nne ikapasuka mkononi. Tatu, na hili ndilo kubwa, silaha ya vita haijui kwamba vita vimekwisha. Tazameni jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1979 askari wa Amin walipoikimbia kambi ya Moroto, waliacha ghala la bunduki wazi, na Wakaramoja wakaingia wakazichukua. Kabla ya hapo waliibiana ng'ombe kwa mikuki. Baada ya hapo waliibiana kwa bunduki za kisasa, na vijiji vizima vilikwisha, na ililazimu serikali itumie miaka mingi sana kuzikusanya tena. Nasi katika Mbulu na Hanang tunajua wizi wa ng'ombe, tunajua fitina za mpaka wa malisho na mashamba. Mwenye kutaka kuleta bunduki katika magomvi hayo na aende kwanza akawaulize wajane wa Karamoja.

Serikali yetu katika miaka ya karibuni imetangaza zaidi ya mara moja msamaha kwa watu wasalimishao silaha kwa hiari yao. Wakati kama huo utangazwapo, mtu na aende na mwenyekiti wa kijiji, au na mchungaji au padre wake ikiwa anaogopa, atoe chuma. Asikicheze njiani, asikipe watoto, asijaribu kutoa risasi mwenyewe. Lakini kabla hajatoka nyumbani, na akae mezani na daftari. Silaha zilizokusanywa mara nyingi huharibiwa kwa moto. Huko Ngong, Kenya, mwaka 2016 zilichomwa zaidi ya 5,000 kwa siku moja. Twaona jambo hilo ni jema. Lakini chuma kilichokwenda motoni bila kuandikwa kimekwenda na shahidi wake.

Hapa twataka kusema neno juu ya kutengeneza na kusafisha, kwa maana hata vitu halali, kama nishani, chupa, panga la jeshi na kofia, vinaharibiwa na mikono mizuri. Kijana akipewa nishani ya babu huisugua kwa majivu na mchanga mpaka ing'ae kama sufuria mpya. Amefuta jina. Akipewa chuma chenye kutu huchukua msasa au tupa, na akimaliza, alama zote za kikosi na mwaka zimekwenda pamoja na kutu. Kisha hupaka rangi nyeusi ya mlango, akajisifu. Wajuzi wa kazi hiyo hufanya kinyume. Hupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, hutia mafuta mepesi kidogo, huacha yakae siku nyingi yalegeze kutu, kisha huondoa kwa kitu laini kuliko chuma chenyewe, na mahali penye maandishi hawagusi. Ngozi hawaitii maji. Karatasi hawaibandiki kwa gundi wala hawaitii plastiki ya moto, bali huitia katika bahasha safi, mahali pakavu, mbali na moshi wa jiko na mchwa. Kitu cha kale si lazima king'ae. Alama ya mkono wa mtu aliyekishika miaka mingi ni sehemu ya habari yake, na mwenye kuifuta amejipunguzia.

Wala msidhani kwamba kutengeneza kitu cha vita maana yake ni kukirudisha kuua. Mfano mzuri tunao wenyewe. Wadachi walileta meli vipande vipande kutoka Papenburg, wakaiunganisha Kigoma, wakaiita Graf von Götzen, wakaipa mizinga. Mwezi wa Julai 1916 walipoona watashindwa, mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito, kisha wakaizamisha polepole isivunjike. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na kwa sababu ya ile grisi mashine zilikuwa zinafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lile, na kwa miaka mingi ikachukua abiria, mahindi, dagaa na wakimbizi. Meli ile haikuficha kwamba ilikuwa ya vita. Kila mtoto wa Kigoma aijua habari yake. Mizinga ilitolewa, mwili ukabaki, na habari ikabaki.

Sasa wako ndugu wa namna nyingine, nao ni wa kanisani mwetu. Hawa husema kwamba vitu vya vita ni vitu vya damu, havifai kuwekwa katika nyumba ya Mkristo, wala habari zake hazifai kusimuliwa watoto. Na vitupwe shimoni. Wanatukumbusha habari ya Nabii Isaya na majembe. Twakubali neno la nabii. Lakini mtu hawezi kufua jembe kutoka katika upanga asiojua uko wapi, wala hawezi kutubia vita asivyovijua. Mzee aliyerudi Burma akakaa miaka 50 asiseme, akiamka usiku na kupiga kelele, hakusaidiwa na ukimya wa kanisa. Alihitaji mtu wa kumsikiliza. Na ninyi mnaosema habari hizo zitawafanya vijana wapende vita, jaribuni kumsikiliza mpagazi mmoja, au mjukuu wake aliyepokea maneno yake sawasawa. Hakuna kijana atakayetamani mzigo wa ratli 60 kichwani, siku kwa siku, kwa unga mbichi, na kuhara damu. Yapendezayo vijana ni hadithi za bastola zisizo na wapagazi ndani yake.

Taifa letu limekwisha kutuonyesha namna ya kuishika silaha kwa adabu. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao mbele ya mnara, na Mkuu wa Majeshi huweka sime. Silaha zalazwa chini kwa ajili ya wafu, na watu wote husimama kimya. Huko Songea, katika makumbusho ya Maji Maji, watu huenda kusoma habari za waliopigwa na Wadachi, na mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Steinmeier, alikwenda pale akaomba msamaha. Lakini mikuki na ngao nyingi zilizochukuliwa katika vita hivyo ziko Berlin mpaka leo, na wataalamu wa huku na huko wanahangaika kujua kila kimoja kilitoka kijiji gani, kwa sababu waliovichukua waliandika jina la afisa aliyevileta na hawakuandika jina la aliyenyang'anywa. Tunawalaumu, nasi tu wa haki. Basi tusifanye vivyo hivyo sisi kwa sisi, kwa kumpa mpita njia kitu cha baba bila karatasi.

Tena msitegemee kwamba serikali ina sheria ya kuvilinda vitu hivi. Sheria yetu ya mambo ya kale, ya mwaka 1964, imevihesabu kuwa vya kale hasa vitu vilivyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863. Ganda la risasi la 1916 na nishani ya 1945 havifiki huko. Mlinzi wake ni mwenye nyumba.

Husimuliwa katika vitabu vya vita vile habari hii. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikata shauri kuwalipa askari wa zamani wa Wadachi mishahara yao ambayo haikulipwa. Wazee kama 350 wakakusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya koti, wengine hawakuwa na kitu. Mwenye kulipa akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani atende mazoezi ya bunduki. Imeandikwa kwamba hakushindwa hata mmoja. Watu hucheka wasikiapo habari hii, nasi tulicheka. Lakini fikirini: mzee yule alisimama na ufagio kwa sababu hakuna aliyemtunzia karatasi. Mwili wake ndio uliokuwa cheti. Na mwili huo sasa u kaburini, wala hakuna wa kuuamuru tena.

Tena karatasi iliyo mahali pamoja haitoshi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaangukia Katesh na vijiji vya kando yake, watu zaidi ya 80 wakafa, na nyumba zikachukuliwa na kila kilichokuwamo. Aliyepoteza mtoto siku ile hataulizia nishani, wala hatumwambii aulizie. Sisi tuliosalia na paa juu ya vichwa vyetu ndio wa kujifunza kuandika nakala.

Basi kazi yenyewe ni hii, nayo haihitaji shule kubwa. Chukua daftari. Andika jina la mtu kamili, na la baba yake, na la ukoo, na kijiji chake kama kilivyoitwa siku zile. Andika aliitwa vitani na nani, na mwaka gani, au ikiwa mwaka haujulikani, andika ilikuwa kabla au baada ya njaa ipi, au mvua ipi, au rika lipi la tohara. Andika alipita wapi, alibeba nini, mkubwa wake aliitwa nani, nani alikufa karibu naye. Andika maneno ya amri aliyokuwa akiyakumbuka, hata kama huyajui maana. Kwa Kiiraqw, kwa Kidatoga, kwa Kigorowa, kwa Kinyaturu, andika kama alivyosema, kisha tia Kiswahili chini yake. Kitu chenyewe kiandike pia: urefu wake, alama zake, herufi moja moja kama zilivyo, na kipige picha pande zote, hata kile utakachokipeleka polisi. Daftari moja likae nyumbani, nakala moja shuleni au parokiani, na nyingine ipelekwe makumbusho ya Arusha, katika lile boma la kale la Wadachi, au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Walimu wenzetu, mnaowapa watoto insha juu ya faida za ng'ombe kila mwaka, wapeni insha hii mara moja.

Wazee wa vita vya kwanza wamekwisha. Wa vita vya pili hata tukiwatafuta kwa taa hatutawapata ila mmoja mmoja, na twamwita aako kwa heshima huku tukijua kwamba usiku umekaribia. Lakini walioingia Kampala mwaka 1979 wakiwa vijana wa miaka 20 wamepita sitini tu, wanalima, wanakuja ibadani, wanakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Wengi wao hawajaulizwa neno. Jumapili hii watakuwapo.